Kibarua wa Mpira wa Kikapu

Msomaji, ukisimama pale Ahero, mahali ambapo barabara ya Kisii huachana na ile ipandayo Kericho, umesimama juu ya njia ya zamani ya watu waendao kutafuta kazi. Katika siku za ukoloni, vijana wengi wa kando ya Ziwa Viktoria waliondoka kwao kwenda kuchuma majani ya chai Kericho, kufanya kazi ya reli, au kupakua shehena bandarini Mombasa. Walitia dole gumba katika mkataba, wakaumaliza, kisha wakarudi nyumbani au wakatafuta mwingine.

Mchezaji wa kulipwa aliye ugenini ni ndugu wa watu hao, ingawa pengine hukuwahi kufikiri hivyo. Usidhani kwamba kila avukaye bahari kwa ajili ya mpira wa kikapu hupata utajiri wa wale wa ligi kuu ya Marekani. Wengi huajiriwa kwa msimu mmoja tu. Tena mgeni hutarajiwa kumpita mwenyeji, kwani ligi nyingi huruhusu wageni wachache. Akilegea, au goti likiumia, nafasi yake hupewa mwingine. Hana budi kuistahimili baridi, na lugha asiyoijua, na kuomba ruhusa kila taifa lake linapomwita.

Tazama habari za Tylor Okari Ongwae, Mkenya aliyezaliwa mwaka 1991. Alichezea Chuo Kikuu cha Louisiana kilichoko Monroe, Marekani, hadi 2015, kisha akaenda kutafuta riziki Ulaya. Jina lake lilijulikana zaidi nchini Denmark, katika klabu ya Bakken Bears ya mji wa Aarhus. Denmark si nchi itajwayo sana wapenzi wa mchezo huu wanapobishana barazani. Nami naona hiyo ndiyo sababu ya kukusimulia habari zake, maana katika ligi za namna hiyo ndimo walio wengi hupatia mkate wao.

Tarehe 20 Februari 2021, mjini Yaoundé, Kenya ilipambana na Angola, taifa lililokwisha kutwaa ubingwa wa Afrika mara 11. Kenya haikuwa imeshiriki fainali za bara tangu 1993, zilipofanyika Nairobi, na mabingwa wa mwaka ule walikuwa Angola hao hao. Sekunde za mwisho zikiyoyoma, Kenya ilikuwa nyuma kwa pointi moja. Mpira ukamfikia Ongwae. Akaruka, akaurusha, muda ukaisha nao uko hewani, kisha ukazama kikapuni. Kenya 74, Angola 73.

Mwezi wa Agosti timu ilikwenda Kigali. Kocha wao, Liz Mills wa Australia, akawa mwanamke wa kwanza kuongoza timu ya wanaume katika fainali hizo. Waliishinda Mali, halafu Sudan Kusini ikawatoa, na wenye mikataba wakarejea kwa waajiri wao.