Chai ya Kangari na Jina la Mlima

Kangari haiko chini ya Mlima Kenya. Mji huu mdogo wa Kigumo, kaunti ya Murang'a, umeegemea safu ya Nyandarua, ile ambayo Waingereza waliipa jina la Aberdare. Hata hivyo, uchaguzi ukikaribia, wakazi wake huhesabiwa kuwa "watu wa Mlima" pamoja na wenzao wa Nyeri, Kirinyaga, Embu na Meru. Anayetaka kujua jina hilo lilipata wapi uzito na aanzie shambani.

Zamani Wakikuyu waliitaja nchi yao kwa sehemu tatu: Metumi ndiyo Murang'a, Gaki ndiyo Nyeri, na Kabete ndiyo Kiambu. Ndani ya hizo mtu alijulikana kwa mbari yake, ukoo wenye ardhi, na kwa mgongo wa kilima alikokaa kati ya mto na mto. Ukoloni ukachora wilaya, Murang'a ikaitwa Fort Hall, na zote zikatiwa katika Mkoa wa Kati.

Kwa sababu ya uasi dhidi ya ukoloni huo, hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Mwaka 1954 mambo mawili yakaja kwa pamoja. Serikali ilianza kuwahamisha watu kwa nguvu hadi vijiji vilivyolindwa kwa mahandaki, na Mpango wa Swynnerton ukaagiza vipande vya mashamba viunganishwe, hati zitolewe, na Waafrika waruhusiwe kulima mazao ya biashara. Chai, iliyokuwa mali ya walowezi na kampuni kubwa, ikaingia mikononi mwa wakulima wadogo. Kiwanda chao cha kwanza kilifunguliwa Ragati, Nyeri, mwaka 1957, na KTDA, mamlaka ya chai ya wakulima wadogo, ikaundwa mwaka 1964.

Chai haisubiri. Mchumaji hukata majani mawili na chipukizi, akarusha kikapuni mgongoni, kisha akateremka hadi kituo cha kununulia. Pale majani humwagwa mezani yakaguliwe, yakapimwa, karani akaandika kilo, na lori likayachukua siku ileile kabla hayajaungua kwa joto lake yenyewe. Lori halipiti tope. Kwa hiyo penye chai palihitajika barabara, na penye barabara duka, shule na zahanati zilijengeka kwa urahisi zaidi.

Serikali huru iliufanya mwelekeo huo kuwa sera. Mfumo wa majimbo, ambao chama cha KADU kiliutetea kwa kuhofia jamii kubwa, ulivunjwa mara tu baada ya uhuru. Kisha Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 ukaamua kwamba fedha za maendeleo ziende kwanza kwenye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme, maana huko zingezaa haraka. Kangari ilikuwa na mvua. Mandera na Turkana zilikuwa na mifugo na ukame, zikaambiwa zingoje.

Mwaka 1971 chama cha GEMA kiliwaunganisha Wakikuyu, Waembu na Wameru, hadi kilipozimwa mwaka 1980. Aliyekosa barabara kaskazini hakuona Metumi wala Gaki. Aliona watu wa Mlima wamekula peke yao.

Ila Mlima haujawahi kula sahani moja. Maji ya mito Maragua, Gikigie na Irati hupitishwa kwenye handaki la kilomita 11.8 kuelekea Nairobi, na Murang'a imelalamika kwamba inatoa maji bila malipo ya haki. Katika chai pia, bonasi ya wakulima wa mashariki ya Bonde la Ufa huwa juu kuliko ya Kericho, Bomet na Kisii, na kila mwaka wakulima wa magharibi huuliza kwa nini. Mpaka unaopiganiwa hapo ni wa bei ya mnadani Mombasa, na kabila huingizwa baadaye.

Katiba ya 2010 iligawa nchi katika kaunti 47, ikazitengea angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, na ikaanzisha Hazina ya Usawazishaji yenye asilimia 0.5 ya mapato hayo, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Kutoka Waraka wa 1965 hadi Katiba hiyo ni miaka 45. Hazina hiyo ya kurekebisha ilipewa miaka 20, na Bunge lisipoirefusha, itakoma mwaka 2030.