Jenga Kwanza, Serikali Itakuja

Chuo cha ualimu cha Githunguri, huko Kiambu, kilifunguliwa mwaka 1939 bila fedha za serikali ya kikoloni wala za misheni. Mwanzilishi wake, Peter Mbiyu Koinange, alikuwa amerejea mwaka uliotangulia kutoka masomoni ng'ambo akiwa na shahada ya uzamili ya Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani. Wazo la chuo lilikuwa lake na la wazee waliomzunguka. Fedha zilitoka kwa wakulima. Michango ilikusanywa kwa marika. Waliotahiriwa pamoja walihesabiwa rika moja, na hakuna rika lililotaka kusikia kwamba wadogo zao wametoa zaidi yao. Wanawake nao walijichangisha, wakajenga bweni la wasichana.

Chanzo cha jitihada hizo kilikuwa ugomvi. Mwaka 1929 misheni kadhaa za Kiprotestanti ziliwataka waumini wao wa Kikuyu waape kuacha tohara ya wasichana, na aliyekataa hakuwa na nafasi kanisani wala shuleni. Maelfu ya wazazi waliwatoa watoto wao. Katika miaka michache iliyofuata vyama viwili, KISA na Karing'a, vilikuwa vikiendesha shule zao wenyewe, zenye kuta za udongo na walimu waliolipwa kwa karo na michango ya kijiji. Suala la tohara lenyewe lina historia yake ndefu na chungu. Kwa habari ya shule, wazazi walijifunza jambo moja zito: kwamba darasa linaweza kusimama bila idhini ya mzungu.

Serikali ilipotangaza hali ya hatari mwaka 1952, shule hizo zilifungwa. Uwanja wa Githunguri, uliojengwa kwa senti za marika, uligeuzwa mahali pa kunyongea wafungwa wa Mau Mau.

Kenya ilipopata madaraka, Juni 1963, hesabu ya elimu ilikuwa hivi: shule za msingi 6,058 zenye wanafunzi 891,553, na shule za sekondari 151 zenye wanafunzi 30,120. Hakuna mzazi aliyehitaji mtaalamu wa takwimu kumfafanulia. Mtoto akimaliza darasa la mwisho la msingi, uwezekano mkubwa ulikuwa arudi nyumbani kushika jembe, na hali kazi za ofisini zilizoachwa na Wazungu zilimtaka mwenye cheti cha sekondari. Mwezi huohuo Jomo Kenyatta alisimama mbele ya umma na kuwaita Wakenya kwenye harambee. Alichokuwa nacho akilini ni kujenga taifa kwa jumla. Vijijini mwito huo ulisikika kama ruhusa ya kujenga sekondari.

Namna shule ya harambee ilivyozaliwa haikutofautiana sana kutoka kilima kimoja hadi kingine. Wazazi walikutana kanisani au chini ya mti, wakachagua kamati, wakamfuata mwalimu mkuu wa shule ya msingi na kumwomba darasa moja. Humo ndani waliingizwa vijana waliokosa nafasi katika shule za serikali, wakaitwa kidato cha kwanza. Mwalimu mara nyingi alikuwa kijana ambaye naye ametoka kumaliza kidato cha nne, asiye na siku hata moja ya mafunzo ya ualimu. Maabara haikuwepo. Huku masomo yakiendelea, mchango wa mawe, mchanga na mabati ulikuwa ukizunguka kijijini, na mwaka uliofuata shule ilihamia kwenye kiwanja chake.

Wapangaji wa mipango jijini Nairobi hawakupendezwa. Walikuwa na ramani zao, makadirio yao ya walimu na ripoti ya tume ya Profesa Simeon Ominde ya mwaka 1964, na hizi shule zilikuwa zikichipuka kusikokuwa na mpango wowote. Lakini wazazi walikuwa wameisoma serikali vizuri kuliko serikali ilivyowasoma wao. Walijua kwamba ombi la shule laweza kukaa ndani ya faili miaka kumi, ila jengo lenye watoto 80 ndani yake haliwezi kufungiwa kwenye faili. Basi walijenga kwanza. Kisha wakatuma ujumbe kwa mbunge, kwa ofisa wa elimu wa wilaya, na ikibidi kwa Rais mwenyewe, kwamba shule ipo na kilichobaki ni serikali kuipokea. Mpokezi naye alianza kwa kidogo: mwalimu mmoja wa kulipwa na Tume ya Kuajiri Walimu, halafu mkondo mmoja wa kidato cha kwanza, mwishowe shule nzima. Kwa hiyo mchango wa mzazi ulikuwa chambo. Aliyetoa shilingi 20 alikuwa akiivuta ruzuku ya serikali kuja kijijini kwake kabla haijafika kwa jirani.

Mkakati ulifanikiwa kupita kiasi. Kabla ya miaka kumi na mitano ya uhuru kutimia, shule za harambee zilikuwa zimezipita kwa idadi sekondari za serikali, na serikali haikuweza kuzimeza zote. Nyingi zilibaki na majengo yasiyokamilika, matokeo dhaifu ya mitihani, na karo iliyokuwa kubwa kuliko ya shule za serikali. Yaani mtoto wa maskini aliyekosa alama mbili tatu alilipa zaidi kwa kufundishwa vibaya zaidi. Hilo halikuwazuia wazazi. Sekondari mbovu ilikuwa bora kuliko kukosa kabisa, na katika soko la kazi la miaka ya 1960 hawakuwa wamekosea.

Siku ya harambee yenyewe ilikuja kuwa tamasha lenye kanuni zake, na aliyeishi Kenya miaka ya 1970 hadi 1990 hahitaji kuelezwa. Hema, meza yenye kitambaa, karani mwenye daftari, beseni la noti. Mgeni wa heshima amechelewa, lakini hakuna anayethubutu kuanza bila yeye. Kwaya ya shule imeimba mara nne. Akishafika, mshereheshaji anashika kipaza sauti na kutaja kila bahasha: jina la mtoaji, kiasi alichotoa, na kwa wakubwa, ile sentensi iliyokuja kuwa maarufu, kwamba mheshimiwa "pamoja na marafiki zake" wametoa kiasi kadhaa. Akina mama wasio na noti wameleta jogoo, mayai, ndizi na vikapu. Vyote vinapigwa mnada. Jogoo wa shilingi chache ananunuliwa kwa bei ya mbuzi, mnunuzi anamrudisha mezani, anauzwa tena. Mjane aliyetoa yai lake moja husikia likitajwa na kupigiwa makofi, na ujanja wote wa harambee ulikaa hapo: kila mtu alionekana, kwa hiyo kila mtu alitoa.

Kuonekana huko kulikuwa na upande wa pili. Hiari ilipokwisha, chifu aliingia kazini. Katika maeneo ya kahawa na chai, mchango uliweza kukatwa moja kwa moja kwenye malipo ya mkulima kabla hajayashika mkononi. Kwingineko asiyetoa alichukuliwa kuku au mbuzi, au alikwenda ofisini kutafuta huduma akaambiwa aonyeshe kwanza risiti ya harambee. Watu waliuita mchango. Kwa vigezo vyovyote vya haki ulikuwa kodi, tena kodi isiyojali nani ana nini.

Na wanasiasa walinusa mapema. J. M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, alijijengea jina kitaifa kwa kutoa michango mikubwa mbali na jimbo lake, mpaka wakubwa wakaona mkono wake mrefu ni tishio. Mikutano yake ilianza kunyimwa vibali, na Machi 1975 aliuawa. Kwa waliobaki, somo lilikuwa kwamba bahasha ni silaha na si kila mtu anaruhusiwa kuibeba. Chini ya Daniel arap Moi harambee zilizidi kuvimba, hasa uchaguzi ulipokaribia, na raia walianza kuuliza kwa sauti ndogo waziri mwenye mshahara unaojulikana anapata wapi mamilioni ya kugawa kila Jumamosi.

Hata hivyo haitakuwa haki kuiandika historia hii kama ya hila tupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wananchi waliamua kupanda daraja na kuchangia vyuo vya ufundi. Watu wa Mkoa wa Magharibi, mwanasiasa Masinde Muliro akiwa mstari wa mbele, walichangia chuo kilichoitwa WECO mjini Kakamega. Watu wa Nyeri walianzisha Taasisi ya Teknolojia ya Kimathi mwaka 1972. Leo cha kwanza ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, na cha pili ni Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Si miradi mingi ya wataalamu wa kigeni ya miaka ile inayoweza kuonyesha matokeo kama hayo.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa la ramani. Harambee ilizaa pale palipokuwa na kahawa, chai, wafanyakazi wa mjini wanaotuma pesa nyumbani, na waziri au katibu mkuu mzawa wa hapo. Philip Mbithi na Rasmus Rasmusson walilichunguza jambo hilo katika kitabu chao cha mwaka 1977 kuhusu kujitegemea nchini Kenya. Mfugaji wa Turkana au Mandera hakuwa na tone la ushawishi wa namna hiyo. Na kwa kuwa ruzuku ilifuata jengo, fedha za umma nazo zilielekea kulekule kwenye mabati mapya. Asiye na cha kuchanga alikosa mara mbili.

Serikali ilijaribu kuondoa karo, na kila mara wazazi walijikuta wanailipa kwa jina jingine. Mwaka 1974 ada ya madarasa manne ya kwanza ilifutwa. Watoto walifurika, madarasa hayakutosha, na kamati za shule zikabuni ada ya ujenzi, ambayo mahali pengi ilizidi ile karo iliyofutwa. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, shule zilitakiwa ziwe na karakana za useremala na vyumba vya sayansi kimu, na mzazi akaitwa tena. Kisha, mwaka 1988, sera ya kugawana gharama ikaandikwa rasmi.

Mwaka 2003 ulileta mabadiliko ya kweli. Serikali ya Mwai Kibaki ilifanya elimu ya msingi kuwa bure na kuahidi shilingi 1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Wanafunzi wakapanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Mwaka huohuo Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma iliwawekea wakubwa mipaka katika uchangishaji, kamati iliyoongozwa na Koigi wa Wamwere ikachunguza harambee, na Bunge likaanzisha hazina ya maendeleo ya maeneo bunge, CDF, kwa asilimia 2.5 ya mapato ya serikali. Beseni la noti likahamia kwenye bajeti. Mbunge, bila shaka, hakukubali kuachwa nyuma: jina lake likaandikwa ukutani kwenye darasa lililojengwa kwa kodi. Wafadhili nao walimiminika, mpaka ubadhirifu katika Wizara ya Elimu ulipofichuka na Uingereza ikasitisha msaada wake Desemba 2009.

Tanzania ilipita njia inayofanana, kwa mwendo wake. Jumuiya ya wazazi wa Kiafrika, TAPA, ilianzishwa mwaka 1955 na kuendesha shule kwa watoto waliokosa nafasi. Mrithi wake ni Jumuiya ya Wazazi ya CCM. Nusu karne baadaye zilikuja shule za kata. Wananchi walifyatua matofali na kupandisha kuta, serikali ikaahidi kuezeka na kuleta walimu, na sekondari za serikali zikaongezeka kutoka 828 mwaka 2004 hadi zaidi ya 3,000 mwaka 2009. Walimu na maabara vilichelewa, kama ilivyokuwa Kenya miaka arobaini kabla. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango, na Januari 2018 Rais John Magufuli alikemea tena michango shuleni. Ikafafanuliwa kwamba anayetaka kuchangia kwa hiari apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri, si kwa mwalimu mkuu. Mwishoni mwa mwaka 2021 sehemu ya mkopo wa IMF wa kukabili Uviko, shilingi trilioni 1.3, ilijenga madarasa 15,000, na wazazi wengi walipata Januari isiyo na mchango wa darasa.

Kenya haijatulia. Julai 2024, vijana wakiandamana barabarani, Rais William Ruto alipiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki harambee. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ilitamka kwamba sheria ya CDF inakiuka Katiba. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba serikali haimudu shilingi 22,244 zilizoahidiwa kila mwanafunzi wa sekondari. Ilichomudu, alisema, ni kama 16,900. Pengo hilo linajulikana litazibwa na nani, na tayari barua zinafika nyumbani zikiwa na majina mapya: motisha ya walimu, masomo ya ziada, basi la shule.

Anayepokea barua hiyo akumbuke kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Tozo yoyote katika shule ya umma inahitaji kibali cha Waziri, baada ya kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na mtoto hafukuzwi kwa kuwa mzazi hajalipa. Ukiamua kutoa, toa. Lakini ulizia kibali kwanza, na usiondoke bila risiti.