Sura Mpya, Mkono Ule Ule

Mzee alizipokea karata, akazikata mara mbili, akaanza kuzichanganya huku macho yake yakiwa kwa muuza kahawa. Tulikuwa barazani, Tanga, jua la alasiri limeshaanza kulegea. Nilikuwa nimemletea pakiti ya hanafuda, karata za Kijapani: ndogo za kufichika kiganjani, nene, mgongo mweusi usio na nakshi. Ukiibwaga moja juu ya mwenziwe inalia pa! Akagawa, akafunua ya kwanza: msonobari na korongo. Ya pili: mwezi mpevu juu ya kilima. Ya tatu: nguruwe mwitu kati ya majani mekundu. Hapana namba, hapana mfalme, hapana ree.

"Kopa ziko wapi?" akauliza. Kisha, kabla sijajibu: "Na turufu ni ipi?"

Hakuitambua hata picha moja, ila mikono yake ilikuwa imeshazizoea. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiufuata ule mkono kurudi nyuma, kwa sababu nilihisi una jibu la ubishi ninaousikia kila mwaka kwenye vibanda vya gemu: toleo jipya likitoka, lilete mambo mapya, au lishike yale yale tuliyoyazoea? Wahenga wenyewe hawakuafikiana. Mmoja alisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Mwingine akaonya, usiache mbachao kwa msala upitao. Watengenezaji wa gemu wamekuwa wakiyumba baina ya methali hizo mbili kwa miaka zaidi ya 40, na njia ya ubishi wao ni ndefu kuliko umri wa televisheni.

Inaanzia majini. Karata, kopa, uru, pau, shupaza, turufu, ree: yote ni maneno ya Kireno yaliyovaa kanzu. Wareno waliopita pwani yetu tangu 1498, na kuanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593, walituachia karata zao na majina yake. Ila hawakuishia hapa. Njia yao ilivuka hadi Goa, ikapita Malaka na Makau, ikafika Japani, ambako waliingia kwa mara ya kwanza mwaka 1543, kisiwani Tanegashima. Huko nako walishusha karata. Wajapani wakaziita karuta. Katika mchezo wao mmoja wa zamani, unsun karuta, aina za karata zinaitwa hau, isu, kotsu na oru, na ya tano guru. Ziweke nne za kwanza kando ya pau, shupaza, kopa na uru, uone jinsi watu wasiowahi kuonana walivyorithi masikio ya baharia mmoja.

Wareno walifukuzwa Japani mwaka 1639. Karata zilibaki, na pamoja nazo kamari. Mwaka 1648 watawala wa ukoo wa Tokugawa wakazipiga marufuku. Mafundi walifanya nini? Wakachora upya. Marufuku ilihusu karata za sura fulani, basi wakaleta sura nyingine. Sura hiyo nayo ikijulikana na kukatazwa, ikaja nyingine. Mchezo huu wa paka na panya uliendelea vizazi kwa vizazi, mpaka zikatokea karata zisizo na namba wala mwanajeshi, zenye maua tu: hanafuda, yaani karata za maua. Askari akizikuta mezani angeona bustani.

Lakini zihesabu. Seti ya Kireno ilikuwa na karata 48: aina nne, kila moja karata 12. Seti ya hanafuda ina karata 48: miezi 12, kila mmoja karata nne. Hesabu imegeuzwa tumbo juu, na jumla haikupungua hata moja. Picha zote zilikufa njiani, ila idadi ya karata katika seti, na ile kazi ya mikono ya kuzichanganya na kuzigawa, vilivuka salama. Ndiyo maana mzee wa Tanga hakusita.

Tarehe 23 Septemba 1889, katika mji wa Kyoto, fundi aitwaye Fusajiro Yamauchi alifungua karakana ya hanafuda. Mojawapo ya pakiti zake, iliyopewa jina la Rais, ilibeba picha ya Napoleon. Karakana ile ndiyo Nintendo. Jengo la zamani la kampuni, la mwaka 1930, bado limesimama jirani na mto Kamo, na tangu 2022 ni hoteli. Kampuni ilikuja kutengeneza karata za plastiki mwaka 1953, karata zenye katuni za Disney mwaka 1959, kisha midoli, kisha gemu. Nasimulia haya kwa sababu watu wengi huiona Nintendo kama kampuni ya kompyuta iliyowahi kuuza karata. Mimi naiona kama kampuni ya karata iliyobadilisha sura tena.

Tarehe 13 Septemba 1985 ilitoka Super Mario Bros., gemu ya Nintendo, kazi ya Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka. Wengi wetu tulikutana nayo kwenye zile mashine za kuiga, zenye kaseti za njano zilizojigamba kuwa na maelfu ya gemu, kumbe zile zile zikijirudia. Gemu nzima ilitoshea katika kilobaiti 40, ndogo kuliko picha moja unayotumiwa leo kwenye simu. Ilichokifundisha kilikuwa kidogo pia: kitufe kimoja kukimbia, kingine kuruka. Lakini kiliingia kwenye misuli. Mario hasimami papo hapo ukimwachia, anateleza kidogo. Ukikaa nayo wiki moja, dole gumba lako linajua kule kuteleza kama mguu unavyojua ngazi za nyumbani.

Hapa njia inagawanyika matawi mawili.

Tawi la kwanza ni la mbachao. Tarehe 3 Juni 1986 Japani ilipata Super Mario Bros. 2: sura karibu ile ile, mwendo ule ule. Kasha lenyewe lilitangaza kwamba ni gemu ya mabingwa. Kwa hiyo mafundi waliacha karibu kila kitu kama kilivyokuwa, wakaongeza ukali. Uyoga, ambao mchezaji alikuwa amefundishwa kuukimbilia, sasa mwingine ulikuwa na sumu. Upepo ulivuma katikati ya kuruka. Njia ya mkato, iliyokuwa zawadi, nyingine ilikurudisha nyuma. Ni kama rafiki anayekualika chakula kisha anakuficha kijiko. Wakati gemu ilipofika Marekani, mfanyakazi wa Nintendo aliyekuwa na kazi ya kuzijaribu gemu, Howard Phillips, aliona inaadhibu kuliko inavyofurahisha. Haikuuzwa huko. Wachezaji wa Magharibi waliipata mwaka 1993 tu, ndani ya mkusanyiko.

Tawi la pili ni la kinyemi. Marekani walihitaji Mario wa pili, na Kyoto walikuwa na gemu nyingine kabisa mkononi. Iliitwa Yume Kojo: Doki Doki Panic, iliyotoka Julai 1987 chini ya Kensuke Tanabe kwa ajili ya tamasha la kituo cha televisheni cha Fuji. Mashujaa wake ni familia iliyovaa Kiarabu, yenye zulia la kuruka na taa ya ajabu. Humkanyagi adui kumuua: unang'oa mboga ardhini na kumtupia. Mafundi waliitoa familia ile, wakamwingiza Mario na wenzake. Taa ikawa chupa ya dawa. Mwaka 1988 ikauzwa Marekani kama Super Mario Bros. 2. Zaidi ya kaseti milioni saba ziliuzwa, na mwaka 1992 ikarudi Japani kwa jina la Super Mario USA, mtoto aliyetumwa ng'ambo akirejea na jina jipya.

Nilipofika hapa nililazimika kukaa kitako. Nilikuwa nimeshajitungia kanuni kutokana na hanafuda: badilisha sura, shika mifupa. Na hii hapa gemu iliyofanya kinyume, ikashika sura na kubadilisha mifupa, tena ikapendwa. Yule Luigi, ndugu wa Mario, mrefu na anayetapatapa miguu hewani, alizaliwa humo. Je, kanuni yangu ilikuwa ya uongo?

Nikairudia gemu yenyewe, nikaishika pedi. Katika Doki Doki Panic hakuna kukimbia. Katika Super Mario Bros. 2 kupo. Walipokuwa wakiibadilisha, mafundi walirudisha kitufe kile kile cha kukimbia, mahali pale pale dole gumba lilipokizoea. Mboga ni ngeni, adui ni wageni, lakini sekunde ya kwanza ukibonyeza, mwili unasema: ndiye huyu. Basi kumbe haikuwa sura wala mifupa. Kulikuwa na kitu cha tatu, nacho nilikuwa nimekiona barazani tangu siku ya kwanza. Ni mkono.

Kwa taa hiyo nikaanza kuyasoma mengine. Mwaka 1980 Toru Iwatani wa kampuni ya Namco alitoa Pac-Man. Ndani ya muda mfupi wachezaji walikuwa wamekariri njia: mazimwi wa Pac-Man huenda kwa hesabu isiyobadilika, kwa hiyo ukihifadhi mizunguko unaweza kucheza muda mrefu kwa sarafu moja. Mwenye mashine ananuna. Vijana waliotoka chuo cha MIT, waliokuwa na kampuni yao iitwayo General Computer Corporation, wakatengeneza toleo lao, awali likiwa na kiumbe mwenye miguu. Kampuni ya Midway ikalinunua na kulitoa mwaka 1982 kama Ms. Pac-Man. Ramani zilikuwa nne badala ya moja, na mazimwi hawakutabirika tena. Ila fimbo ilibaki ile ile, pande nne, hakuna hata kitufe kimoja. Jicho lilipewa kazi mpya. Mkono ukaachwa na ujuzi wake.

Zelda, gemu nyingine ya Nintendo, nayo ilipita kote kuwili. Ya kwanza, ya Februari 1986, ulitazama dunia kutoka juu. Ya pili, ya Januari 1987, ilikuangusha pembeni, ikakuambia uruke na ukusanye alama za uzoefu. Iliuzika, lakini mwaka 1991 toleo la tatu lilirudi juu kule kule. Miaka kadhaa baadaye fundi Eiji Aonuma aliombwa atengeneze upya Ocarina of Time, Zelda nyingine, kwa kuyapanga mapango yake namna nyingine. Hakupenda kuipika tena sufuria ile ile. Miyamoto akampa sharti: ukiweza kutoa gemu mpya ndani ya mwaka mmoja, umesamehewa. Mwaka mmoja hautoshi kuchonga watu wapya, kwa hiyo Aonuma alichukua sura za watu wa gemu ya zamani na mwendo wote wa upanga, akaweka juu yake saa. Katika Majora's Mask, ya Aprili 2000, mwezi wenye uso wa hasira unaanguka, na una siku tatu. Siku hizo zikiisha, unarudi mwanzo, na wote uliowasaidia hawakujui tena. Mkono unajua kila kitu, moyo haujui lolote. Sijaona toleo la pili lililobadilisha mengi hivyo kwa kugusa machache hivyo.

Nikarudi nyumbani, kwenye kibanda cha gemu, kwenye harufu ya nyaya zilizopata joto na kelele za mpira. Hapa ndipo ubishi unapouma, kwa sababu gemu za mpira hutoka kila mwaka na kila mwaka watu hulalamika kwamba ni ile ile. Kuna kitu nilikuwa nikikiona miaka yote bila kukielewa. Kijana aliyekulia kwenye PES, gemu ya Konami, anapiga shuti kwa kitufe cha mraba. Katika FIFA, gemu ya EA, shuti liko kwenye duara. Siku vijana hawa walipoanza kuhamia FIFA, jambo la kwanza, hata kabla ya kuchagua timu, lilikuwa kufungua mipangilio na kuhamisha shuti lirudi kwenye mraba. Walikubali ligi nyingine, sura nyingine, kampuni nyingine. Mraba hawakuutoa.

Kampuni mbili zenyewe zilipata mtihani huo karibu wakati mmoja. Tarehe 30 Septemba 2021 Konami ililitupa jina la PES, ikatoa eFootball, gemu iliyojengwa upya kuanzia chini, yenye timu chache na mwendo ambao mashabiki hawakuutambua. Wakaikejeli mtandaoni, na siku ya pili kampuni ikaomba radhi. Miaka miwili baadaye EA, baada ya miaka 30 ya kutumia jina la FIFA, iliachana nalo, na Septemba 2023 ikaja EA Sports FC. Kibandani kwetu mabadiliko hayo makubwa yalichukua muda wa kubadilisha diski. Vijana walishika pedi, wakafunga goli, wakaendelea kuiita FIFA. Jina liliachwa, likachorwa jingine, mchezo ukapita. Mafundi wa Kyoto wa zama za marufuku wangecheka.

Kwa hiyo methali zile mbili hazigombani. Kila moja ina mahali pake. Jicho huchoka upesi, na jicho ndilo linalotaka kinyemi: lipe ramani mpya, zimwi asiyetabirika, mwezi unaoanguka. Mkono hujifunza polepole, na ulichojifunza ndio mbachao wake. Unaweza kuuvuta mkeka huo chini ya mtu. Wapo waliofanya hivyo. Lakini uwe na mwingine wa kumkalisha, na umpe muda wa kuuzoea.

Zile hanafuda sikuzirudisha. Nilipopita barazani juzi niliwakuta wazee wanne wamezikalia. Walikuwa wameshazipa majina yao: korongo ndiye ree, mwezi ni turufu. Mchezo wenyewe ulikuwa wa kwao, sheria zake sikuzifahamu vizuri. Mzee akabwaga karata, ikalia pa! akakusanya lundo, na bila kutazama akaanza kuzichanganya.