Lainisha (katika utayarishaji wa sampuli za mfupa)

Kitenzi elekezi. Kimetokana na kivumishi *laini*, chenye asili ya Kiarabu.

Maana

1. Kufanya kitu kipoteze ugumu: *Aliiloweka ngozi ili kuilainisha.*
2. Kuondoa mikwaruzo juu ya kitu: *Lainisha ubao kabla ya kuupaka rangi.*

Fundi wa vinyago wa Chiungutwa, wilayani Masasi, akiambiwa alainishe mpingo hatauloweka. Atashika tupa na msasa. Kazi yenyewe humwonyesha maana iliyokusudiwa.

Utata

Katika maabara kazi haitoi mwongozo huo, kwa kuwa mfupa hutayarishwa kwa hadubini kwa njia mbili, na kila moja yaweza kuitwa *kulainisha*.

Katika njia ya kwanza, mfupa uliohifadhiwa kwa fomalini hulowekwa katika asidi hafifu hadi madini ya kalsiamu yatoke. Kisha huzamishwa katika nta ya parafini, hukatwa kwa mikrotomu vipande vyenye unene wa takriban milimita 0.005, na kutiwa rangi.

Katika njia ya pili, madini hayaondolewi. Mfupa huzamishwa katika resini inayoganda, hukatwa kwa msumeno wa almasi, kisha kipande hupunguzwa unene kwa msasa hadi mwanga uweze kukipenya.

Mfupa wenye kipandikizi cha titani hufuata njia ya pili. Kisu cha mikrotomu hakiwezi kukata metali, na kuking'oa kipandikizi huharibu mpaka wa mfupa na metali, ambao ndio mtafiti anataka kuuona. Agizo la "lainisha sampuli" likieleweka kuwa ni kuloweka katika asidi, madini yaliyotoka hayarudishiki, na huenda mgonjwa hana sampuli nyingine ya kutoa.

Mfano wa maana ya pili

Mifupa ya dinosauri ya Tendaguru, mkoani Lindi, ilichimbuliwa na msafara wa makumbusho ya Berlin kati ya 1909 na 1913. Baadaye Martin Sander wa Chuo Kikuu cha Bonn alitoboa mifupa mirefu na kutoa vipande vya mche duara, vikakatwa na kung'arishwa. Utafiti aliouchapisha mwaka 2000 ulitumia muundo uliohifadhiwa ndani ya mifupa hiyo kueleza ukuaji wa wanyama hao.

Ushauri kwa mfasiri

Taja tendo lenyewe, si matokeo yake.

- *Ondoa madini (kwa asidi)*: kwa maana ya kwanza. *Ondoa chokaa* humkumbusha msomaji chokaa ya ukutani.
- *Punguza unene kwa msasa*: kwa maana ya pili. *Saga* peke yake huweza kueleweka kuwa ni kufanya unga.
- *Ng'arisha*: kwa hatua ya mwisho, uso unapotakiwa kung'aa.

Kisawe *-ororo* hakiondoi utata, kwani nacho hubeba maana zote mbili.