Kiko cha Bwana Msa

Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa riwaya za upelelezi mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, hakuficha alikochota. Mpelelezi wake, Bwana Msa, huvuta kiko kama Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle, na Najum humfuata kila mahali akishangaa, kazi ileile aliyopewa Daktari Watson. Jina Msa, hata hivyo, ni herufi za mwanzo za majina ya mwandishi mwenyewe!

Ila ukungu wa London haukuvuka bahari. Katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyoshinda shindano la uandishi la 1957–58 na kuchapishwa mwaka 1960, maiti inaonekana penye mzimu, na wenyeji wako tayari kuwatupia lawama wahenga. Bwana Msa anatafuta muuaji mwenye damu na nyama. *Kisima cha Giningi* (1968) nayo inachezea hofu ya Wazanzibari juu ya Giningi, makao ya wachawi. Hapo ndipo Abdulla anampita mwalimu wake, kwa ladha yangu.

Waandishi wa Bara walitaka mwendo wa kasi zaidi. Faraji Katalambulla alitoa *Simu ya Kifo* mwaka 1965. Kisha Elvis Musiba akamleta Willy Gamba, jasusi wa bastola, asiye na subira ya kiko.