Siki ya Mke wa Waziri

Wakantoni wa Hong Kong wakimwona mtu ameshikwa na wivu wa mapenzi husema "haap chou", yaani anakunywa siki.

Masimulizi yanamtaja Mfalme Taizong, aliyetawala China mwaka 626 hadi 649. Alitaka kumpa waziri wake, Fang Xuanling, mke mdogo. Mke mkubwa akagoma. Akaletewa kikombe: akubali, ama anywe sumu. Akakibugia chote. Kumbe siki! Mfalme akanyoosha mikono.

Wengi huicheka hadithi hii. Mimi namwona mwanamke aliyeona afadhali kufa kuliko kuletewa mke mwenza. Na hayo si ya kale tu: Hong Kong, chini ya Waingereza, sheria iliruhusu kuoa wake wadogo mpaka Oktoba 1971.