Fundi, Steshenari na Mfumo Endeshi: Kompyuta Ilivyoingia Misungwi

Mfumo endeshi, yaani programu mama inayoiamsha kompyuta, kusimamia kumbukumbu yake na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi, ni kitu ambacho mtumiaji wa kawaida wa Misungwi hukikuta kimekwisha kuwekwa. Katika wilaya hii iliyomegwa kutoka Kwimba katikati ya miaka ya 1990, kusini mwa Jiji la Mwanza kwenye barabara kuu iendayo Shinyanga, kama ilivyo katika miji mingi midogo ya Kanda ya Ziwa, aliyekuwa na kauli ya mwisho juu ya mfumo upi utumike hakuwa mnunuzi wala mtengenezaji, bali fundi. Na fundi hupendekeza kile anachoweza kukitengeneza kikiharibika.

Nafasi hiyo ya fundi ina mizizi katika sera za taifa. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini jaribio la kuhamishia hesabu za serikali kwenye mitambo hiyo lilileta hasara na mkanganyiko, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta pamoja na televisheni, isipokuwa kwa kibali maalumu. Kwa sababu hiyo, katika miaka ambayo watu wa nchi nyingine walikuwa wakizizoea kompyuta za mezani hatua kwa hatua, Watanzania wengi hawakuwa na pa kuzigusa. Masharti yalipolegezwa na biashara ikafunguliwa, kompyuta zilifika mikoani zikiwa tayari na Windows ya kampuni ya Microsoft, nyingi zikiwa zimetumika ng'ambo, na maarifa ya kuziendesha yalipatikana katika vyuo vidogo vya mjini vilivyofundisha mfumo huo huo mmoja.

Mahali ambapo mwananchi wa kawaida alikutana na kompyuta palikuwa steshenari, duka la kuchapa barua, kutoa fotokopi, kupiga picha za pasipoti na, intaneti ilipoenea, kujaza fomu za mikopo ya elimu ya juu na maombi ya ajira. Mwenye duka alipoona mashine imekuwa nzito humwita fundi, naye hufuta kila kitu na "kupiga Windows" upya, mara nyingi nakala iliyochakachuliwa, yaani iliyovunjwa kinga yake ili itumike bila leseni. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilikwishalikataza jambo hilo, lakini bei ya leseni halali haikuwa na uwiano wowote na kipato cha duka linalouza kurasa moja moja, na ni vigumu kumlaumu mwenye duka ambaye hakuwahi hata kuelezwa kwamba leseni ni kitu kinachonunuliwa.

Mbadala halali na wa bure ulikuwapo. Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 na ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuunakili na kuurekebisha, ulipata toleo jepesi kwa mtumiaji wa kawaida Oktoba 2004, wakati kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini ilipotoa Ubuntu na kuanza kutuma CD zake kwa posta bila malipo, huduma iliyodumu hadi 2011. Desemba mwaka huo huo wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake wa Sweden ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kujivunia, ila ilijengwa juu ya dhana kwamba kikwazo kikubwa ni lugha, ilhali wachapaji wa steshenari walikwisha kukariri mahali pa kila kitufe kwa Kiingereza, na kilichowakosesha usingizi kilikuwa printa isiyotambuliwa kwa kukosa draiva, ile programu ndogo inayoitambulisha printa kwa kompyuta.

Hata hivyo, Linux ilikuwa na manufaa kwa mafundi wenyewe walioijua, hasa katika kupambana na virusi vya "shortcut". Virusi hivyo huyaficha mafolda yaliyo ndani ya flashi na kuweka mahali pake alama zenye majina yale yale, hivyo mteja akibofya jina la kazi yake folda hufunguka kama kawaida, huku virusi navyo vikiingia kimyakimya kwenye kompyuta ya duka na kuisubiri flashi ya mteja anayefuata. Fundi aliyewasha mashine kwa CD ya Ubuntu, bila kuigusa diski kuu, aliyaona mafolda yote yaliyofichwa, kwa sababu Linux haitii alama ya kuficha ya Windows wala haiendeshi programu zake. Aliyaokoa, kisha akaizima mashine na kumrudishia mwenye duka Windows yake.

Simu za Android ziliwapa wengi kompyuta ya mfukoni ambayo mfumo wake hauna mjadala, na huenda suala hili lingesahaulika kama Microsoft isingekomesha matengenezo ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, huku Windows 11 ikidai vifaa ambavyo kompyuta nyingi za mtumba hazina. Kwa mwenye mashine ya aina hiyo ambaye kazi yake ni barua, fomu na kusoma mtandaoni, Linux Mint, toleo jingine la Linux, ni pendekezo la busara, na inamwondolea pia hofu ya leseni. Kwa steshenari inayopokea kazi za wateja zilizoandaliwa kwa programu za Microsoft, pendekezo hilo ni gumu zaidi, kwani ukurasa uliopangika vizuri kwenye mashine ya mteja unaweza kuvurugika dukani mteja akiwa amesimama mezani. Na kwa wote wawili, jambo la kwanza kuuliza ni kama yupo Misungwi fundi anayeijua Linux, au kama kila printa itakapogoma itabidi kompyuta ipakiwe kwenye basi kwenda Mwanza.